Maswali ya wazazi kuhusu darasa la tatu, la nne na la tano

Nafundisha shule ya msingi ya serikali huku milimani Same, na miaka mingi nimepangiwa madarasa ya katikati. Darasa la kwanza lina wapenzi wake: sare mpya, picha, machozi ya siku ya kwanza. La saba lina mtihani. Haya ya katikati hakuna anayeyaulizia mpaka matokeo ya upimaji wa darasa la nne yatoke, hapo ndipo simu yangu inapoanza kuita. Maswali ni yale yale kila mwaka, kwa hiyo nimeyakusanya hapa na majibu ninayowapa wazazi getini. Getini huwa tumesimama na mvua inakuja, hapa nimepata nafasi ya kuketi.

Darasa la pili alikuwa anafanya vizuri sana. Ameingia la tatu ameporomoka. Kuna mkono wa mtu?

Hakuna mkono wa mtu. Darasa la kwanza na la pili kazi kubwa ni KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Darasa la tatu masomo yanamwagika kwa mpigo: Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi, Jiografia na Mazingira, Historia ya Tanzania na Maadili, Sanaa na Michezo. Kipindi kinatoka dakika 30 kinakuwa dakika 40. Penseli inawekwa kando, kalamu ya wino inaingia, na kosa likishaandikwa halifutiki tena.

Zito kuliko yote ni kwamba hadi jana alikuwa anajifunza kusoma, na leo anatakiwa asome ndipo ajifunze. Aliyekuwa amekariri kurasa za kitabu cha darasa la pili kwa kusikia wenzake wakiziimba, hapa anakwama. Na hakwami kwa kelele. Utamkuta amenakili ubao mzima, mwandiko wa kupendeza, nukta na mkato mahali pake. Mwalimu anaweka vema nyekundu, mzazi anafurahi. Mfunike daftari umuulize ameandika kuhusu nini: anakutazama tu. Alikuwa anachora herufi. Mimi mtoto mtundu hanipi hofu sana, maana huyo nitamwona. Huyu mwenye daftari safi anaweza kufika darasa la sita hajagundulika.

Nitajuaje nikiwa nyumbani kama anaelewa anachosoma?

Niwape mfano wa darasani kwangu. Swali lilikuwa hivi: Mama Asha alikuwa na maembe 45. Asubuhi aliuza 18, jioni akauza 9. Amebakiwa na mangapi? Kijana mmoja akaandika 72. Huyu tebo ya kuzidisha anaimwaga bila kupumua mpaka ya 12, kwa hiyo nikamwita mezani. Kwa nini umejumlisha? Akasema, "Mwalimu, kwa sababu namba ziko tatu." Nikamsomea swali lile lile kwa sauti, polepole. Sijafika kwenye alama ya kuuliza, akanikatiza: "Kumi na nane!"

Basi hesabu anaijua. Hakuwa amesoma swali, alichungulia namba akaziokota kama mtu anayeokota embe zilizoanguka. Wazazi wengi huniambia "wangu Hisabati ndiyo inamshinda", na mara nyingi nikichimba nakuta kinachomshinda ni Kiswahili cha kwenye Hisabati.

Nyumbani mpe maandishi yoyote asome kwa sauti, kisha yafunikeni akusimulie. Usiniambie hakuna vitabu. Kanga ya mama ina sentensi nzima pale chini, na maana yake hugombaniwa hata na watu wazima, kwa hiyo muulize: aliyevaa hii anamwambia nani? Kuna gazeti lililofungia maandazi. Kuna karatasi iliyo ndani ya pakiti ya dawa. Kuna ujumbe wa M-Pesa: zimeingia shilingi ngapi, zimekatwa ngapi, salio ni ngapi? Mtoto wa la nne anayeweza kukueleza ujumbe huo bila kubahatisha, usingizi lala.

Mimi mwenyewe sikusoma. Nitamsaidiaje?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, na wanaoliuliza zaidi ni mabibi. Huku kwetu watoto wengi wanalelewa na bibi, wazazi wako Dar es Salaam au Arusha wakitafuta.

Nilimpitia mwanafunzi mmoja nyumbani jioni. Bibi alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, mjukuu amekaa kwenye kinu kilicholazwa, anasoma hadithi ya kitabuni. Kila akifika mwisho wa aya bibi anauliza, "Basi ikawaje?" Mtoto anaendelea. Mahali fulani akaruka mstari, sungura aliyekuwa mtoni akatokea sokoni. Bibi akaacha kuchambua. "Hebu ngoja mume wangu. Huyo sungura kavukaje mto?" Mtoto akarudi, akakuta mstari alioruka. Bibi yule hajui hata a, na jioni ile alimfundisha mjukuu wake jambo ambalo mimi sipati nafasi ya kulifanya na watoto 84.

Kwa hiyo sikiliza. Ukikuta hadithi imekatika, uliza. Hilo tu, robo saa, siku nne kwa wiki.

Amekuwa wa ngapi?

Naomba mnisamehe, ndilo swali ninalolipenda kidogo kuliko yote. Darasa lina watoto 84. Wa 20 na wa 35 mara nyingi wametofautiana kwa alama nne au tano, na alama tano ni swali moja alilolijibu mwenzake akiwa ameshiba na yeye akiwa na njaa. Tena mtoto anaweza kutoka wa 30 akawa wa 22 bila kujifunza kitu kipya, kwa sababu tu wanane wamehama au walikuwa wagonjwa.

Njoo uniulize: mwezi uliopita alikuwa hawezi nini, na sasa anaweza nini? Nikishindwa kukujibu, kosa ni langu. Nina daftari la maendeleo ya wanafunzi, nitalifungua tutazame wote.

Upimaji wa darasa la nne ukoje, na akianguka itakuwaje?

Unatungwa na Baraza la Mitihani, NECTA, na kwa kawaida hufanyika mwezi wa 10. Mtoto hupewa daraja kuanzia A hadi E. Unakusudiwa kuonyesha nani hajashika misingi ili asaidiwe mapema, kabla hajafika juu. Asiyefikia kiwango hubaki darasa la nne mwaka unaofuata.

Kubaki kunauma, sitadanganya, na kunauma zaidi mtaani kuliko darasani. Mtoto mwenyewe baada ya wiki mbili ameshapata marafiki wapya. Kinachomuua ni mjomba anayepita na kumwita "babu wa la nne". Kama una ndugu wa aina hiyo, mwite pembeni uzungumze naye.

Wa kwangu atamaliza la sita au la saba?

Angalia alikuwa darasa la ngapi mwaka 2024. Mtaala mpya ulipoanza Januari 2024, darasa la tatu la mwaka huo liliingia kwenye utaratibu wa miaka sita ya msingi, kwa hiyo linamaliza darasa la sita 2027. Waliokuwa la nne mwaka huo wanaendelea na utaratibu wa zamani na kumaliza la saba, 2027 hiyo hiyo. Kaka na mdogo wake waliopishana darasa moja wanaweza kumaliza pamoja na kutakiwa sare za sekondari pamoja. Wenye watoto hao anzeni kuweka akiba.

Mnawakalisha kwenye makundi. Si wanapiga kelele tu, na wenye akili ndio wanaofanya kazi za wengine?

Makundi yasiyo na utaratibu ndivyo yalivyo, na nilifanya hivyo miaka kadhaa. Unagawa karatasi moja kwa watoto saba, kalamu anashika mmoja, wawili wanamwangalia, wanne wanachezea vizibo chini ya dawati. Mwisho wa kipindi aliyeshika kalamu anasimama, anasoma, tunampigia makofi. Tumemfundisha mtoto mmoja.

Nilichobadilisha ni kitu kidogo. Atakayesimama kulijibia kundi hajulikani mpaka dakika ya mwisho, ninapomnyooshea kidole. Na yeye akikwama, alama ya kundi zima inakwama. Wiki ya kwanza walilalamika sana. Wiki ya tatu nikapita nyuma ya dawati nikasikia binti anayeongoza darasa akimbana jirani yake: "Wewe sema tena, kwa nini tunatafuta mzingo na siyo eneo? Mwalimu atakunyooshea wewe, namjua." Yule mwenzake akasema ovyo. Binti akachukua kipande cha kamba, akazungusha dawati. "Hii ndiyo mzingo, uzio. Eneo ni pale tunapopanda." Kwa miaka yangu yote sijawahi kulieleza vizuri hivyo.

Baba yake alikuja kulalamika kuwa binti yake amegeuzwa mwalimu bila mshahara. Ninamwelewa. Lakini kumweleza mwenzako mzingo kunakulazimisha uujue kuliko kuujibia swali, na binti huyo siku hiyo aligundua kuwa mwenyewe hakuwa na uhakika wa pembetatu. Alikuja kuniuliza mapumziko.

Kiwango kilichowekwa ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja. Darasa likizidi hapo karibu mara mbili, mtoto asipofundishwa na mwenzake, siku nyingine hafundishwi na mtu.

Mwanangu anakaa mbele, ana bidii, lakini kila siku anaambiwa anamchungulia jirani.

Mpeleke akapimwe macho. Naandika haya kwa aibu. Kulikuwa na msichana darasa la nne ambaye nilimsema mbele ya wenzake kwa karibu muhula mzima kwamba anaiba majibu. Siku moja nikaandika zoezi ubaoni kisha nikamwita jirani yake nje. Niliporudi, mtoto alikuwa ameweka kalamu chini, analia. Ubao alikuwa hauoni. Alichokuwa akinakili miezi yote ile ni maswali, wala siyo majibu. Nilimwomba msamaha mbele ya darasa lile lile.

Masikio nayo ni hivyo hivyo. Anayejibu "eee?" kila mara, au anayekutazama mdomo ukiongea, asiitwe mkaidi kabla hajapimwa.

Amekuja nyumbani analia, anasema wenzake wamemnunia.

Umri wa miaka tisa hadi kumi na mmoja ni umri wa kununiana. Leo wanakula muwa mmoja, kesho "sisemi na wewe mpaka tufe". Kwa kawaida inaisha yenyewe ndani ya siku tatu, na ukikimbilia kwa mama wa mwenzake utashangaa: watoto wamepatana, ninyi bado hamsalimiani.

Ikizidi wiki, au ikiwa kuna anayetengwa kwa umaskini wa nguo, kwa kabila, kwa ulemavu au kwa ajili ya mambo ya nyumbani kwao, hilo si kununiana tena. Niambie. Sitawapanga mstari na kuwahutubia, maana wakishahutubiwa mbele ya paredi wanamwadhibu mwenzao vizuri zaidi njiani. Huwa namtafuta mmoja tu katika lile kundi, yule ambaye wengine humwangalia kabla ya kucheka, nampa kazi inayohitaji watu wawili na mwenzake namchagua mimi. Kuchota maji ya bustani kwa wiki moja kumepatanisha watu wengi.

Elimu ni bure. Kwa nini bado tunaitwa kwenye vikao na msaragambo, yaani kazi za pamoja za kujitolea?

Michango ya lazima ilifutwa kuanzia Januari 2016, baada ya Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015. Serikali hutoa ruzuku kwa kichwa, iliyopangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na sehemu yake ni ya vitabu. Zidisha kwa idadi ya watoto wa shule yenu, utaona inanunua chaki, karatasi na matengenezo madogo. Haijengi choo.

Mtoto hapaswi kurudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango. Hilo lisiwe na mjadala, na akirudishwa anza kwa mwalimu mkuu, kisha kamati ya shule, kisha ofisi ya kata. Fedha za hiari nazo zisipite mkononi mwa mwalimu wa darasa. Hilo hunifurahisha, sitaki kuwa karani wa mtu.

Sasa msaragambo. Kwenye mkutano mmoja wa wazazi tulikuwa tunabishana juu ya choo cha wasichana. Kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, sisi tulikuwa mbali kabisa. Mzee mmoja akasimama: "Ndiva ikibomoka, huwa tunamsubiri mkurugenzi?" Watu wakacheka, kwa sababu huku Upareni ndiva, yale mabwawa ya kukusanya maji usiku ili yamwagilie mchana, huzibwa na wale wale wanaoyatumia. Nilidhani neno limekwisha. Mama mmoja nyuma akajibu bila kusimama, "Ndiva tuna zamu. Choo cha shule nani ana zamu?"

Hapo ndipo mkutano ulipoanza. Tulipanga kwa vitongoji: huyu mawe, huyu mchanga, huyu siku ya kuchimba. Asiye na nguvu alileta chakula cha mafundi. Watoto wa la nne walipewa kuhesabu mawe na kuandika kila kitongoji kimeleta mangapi, na takwimu zao zikabandikwa ukutani. Hakuna kilichowahimiza baba zao kama karatasi ile.

Suala la chakula: kweli ni lazima?

Lazima kwa maana ya sheria, siyo. Ila mimi ndiye ninayefundisha saa sita mchana watoto waliotoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri. Piga hesabu pamoja nami. Mwaka una siku 194 za masomo. Gramu 100 za mahindi kwa mtoto kwa siku ni kilo 19.4, yaani debe moja hivi. Maharage gramu 30, hayafiki kilo sita. Ukileta baada ya mavuno, bei ikiwa chini, unaumia kidogo kuliko ukisubiri Februari. Asiye na mahindi alete kuni au apike zamu moja kwa wiki, na hilo lipangwe na kamati kwa siri, mtoto asijue ya nani yamekuja na ya nani hayakuja.

Kwa nini wanafanya kazi za shamba badala ya kusoma?

Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1967 ilitaka shamba liwe sehemu ya kusoma. Kilichoharibu ni pale shamba lilipogeuka kuwa adhabu ya wachelewaji, au la mwalimu mmoja. Ukiona hivyo, lalamika.

Tukilima darasa la tano, tunakwenda na kamba iliyofungwa mafundo. Mstari hadi mstari sentimita 75, shimo hadi shimo 30. Kabla ya kuchimba wanatakiwa waniambie kipande chetu kitakula mbegu ngapi, na nani amekosea tunajua kwa mbegu zinazobaki. Kipindi cha dakika 40 hakitoshi, huwa naomba viwili mfululizo.

Na viboko?

Kanuni za mwaka 2002 zinasema aadhibu mwalimu mkuu au aliyempa idhini kwa maandishi, visizidi vinne, viandikwe kwenye kitabu, na msichana aadhibiwe na mwalimu wa kike isipokuwa kama hayupo. Ukisikia tofauti na hapo, una haki ya kuomba kukiona hicho kitabu. Kwa upande wangu niliacha kutembea na fimbo, kwa sababu watoto waliokuwa wakiniogopa ndio hao hao waliokuwa hawaniulizi walipokwama.

Nimpeleke twisheni?

Kama hajui kusoma vizuri, twisheni ya Sayansi ni kumwaga maji kwenye pakacha. Mpeleke kwa bibi.

Tunahamia hapo katikati ya mwaka. Atazoea?

Leta barua ya uhamisho na madaftari yake ya zamani, hayo ya pili nayaangalia kwanza. Siku ya kwanza nampa mwenyeji mmoja, siyo kiranja, maana viranja hupenda kuonyesha mamlaka. Namchagua mtoto anayepita njia moja naye kwenda nyumbani. Mwenyeji anatakiwa amwonyeshe bomba, choo, mahali pa kuweka sahani, na mti ambao nyuki wake ni wakali. Mgeni wa mwisho niliyempokea alikuja Mei, hakusema neno siku mbili. Siku ya tatu mwenyeji wake akanyoosha mkono: "Mwalimu, anasema huko kwao kugawanya walikuwa wanafanya kwa njia nyingine." Nikampa chaki.